Mwongozo Kamili wa Kukiweka Kiumbe Hai Katika Himaya Yake

Makosa katika zoezi hili la kukipangia kila kiumbe himaya, yaani kundi lake kubwa, hujirudia mwaka hata mwaka. Uyoga huandikwa kuwa mmea kwa sababu umeota ardhini, matumbawe huwekwa kwenye mimea kwa sababu hayatembei, kimelea cha malaria huitwa bakteria kwa sababu huleta ugonjwa, na virusi hutafutiwa himaya ambayo havina. Wanaokosea si wavivu. Wengi wao wamezikariri sifa za himaya zote tano, lakini hawajui ni sifa ipi inayoulizwa kwanza, na katika kazi hii mpangilio wa maswali ndio unaoamua jibu.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, swali moja baada ya jingine, na unaeleza kwa nini kila swali limekaa mahali pake. Ufuate kwa utaratibu wake hata kama unadhani jibu unalijua tayari, kwa kuwa kiumbe kinachoonekana rahisi ndicho hasa kinachompotosha mtu.

Vitu vya kuandaa

Hakikisha vitu hivi viko mezani kabla ya kuanza:

- Hadubini ya mwanga inayoweza kukuza mara 400. Hii inatosha kwa kazi yote iliyomo humu.
- Lenzi ya mkono, kwa ajili ya uyoga, ukungu na majani.
- Slaidi za kioo na vioo vidogo vya kuzifunikia, dropa, wembe na kibanio.
- Iodini na methilini buluu. Rangi hizi ndizo zitakazokuwezesha kuona sehemu za seli ambazo kwa kawaida ni angavu kama maji.
- Spiriti, maji ya moto na chombo cha kuchemshia, kwa jaribio la jani.
- Daftari na penseli. Michoro ya penseli hufutika na kurekebishika, na hadubini humlazimu mtu arekebishe mara nyingi.

Sampuli zinapatikana sokoni na jikoni: kitunguu maji, mtindi, hamira ya kuokea mikate, uyoga mamama, jani bichi lililokaa juani, na kipande cha mkate kilichoota ukungu ndani ya mfuko angavu uliofungwa. Ongeza maji kidogo ya bwawa. Anayeishi pwani atafute pia kipande cha mwani na kipande cha nyasi bahari, maana vitamfaa sana tukifika hatua ya saba.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Usiingie bwawani kwa miguu mitupu ili kuchota maji. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na hupenya kwenye ngozi, kwa hiyo funga kikombe kwenye fimbo, chota ukiwa ukingoni, vaa glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mfuko wenye mkate ulioota ukungu usifunguliwe. Utazame kwa lenzi ukiwa umefungwa, kisha uutupe hivyo hivyo. Chembe za ukungu zikivutwa puani huwasumbua wenye pumu. Nafaka na karanga zilizoota ukungu zisiliwe wala zisipewe mifugo, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Uyoga wa porini usiuonje kamwe kama njia ya kuutambua.

Hatua ya 1: Chagua mfumo na uuandike juu ya ukurasa

Andika juu ya ukurasa: "Mfumo wa himaya tano: Monera, Protista, Kuvu, Mimea, Wanyama." Huu ndio mfumo unaotumika sana katika masomo ya sayansi shuleni Afrika Mashariki, nao ndio tutakaoutumia.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba kuna mifumo mingine inayokubalika. Ipo inayohesabu himaya sita kwa kuigawa Monera kuwa bakteria na akea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo), na upo mgawanyo wa mwaka 1990 wa Carl Woese na wenzake, unaovipanga viumbe vyote katika makundi makuu matatu yaliyo juu ya himaya. Kila mfumo una hoja zake. Kosa hutokea pale mtu anapochukua jina katika mfumo mmoja na sababu katika mwingine, akaishia na jibu ambalo halimo katika mfumo wowote.

Dalili ya mafanikio: yeyote atakayeufungua ukurasa wako ataona mara moja ni majina gani matano yanayoruhusiwa kuwa jibu.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba kina seli, na kwamba ni kiumbe kimoja

Himaya ni za viumbe vyenye seli. Virusi havina seli. Ni vinasaba vilivyofungwa ndani ya ganda la protini, navyo haviwezi kuzaliana mpaka viingie kwenye seli ya kiumbe kingine. Kwa hiyo virusi vya mafua, vya UKIMWI na vya surua havimo katika himaya yoyote kati ya hizi tano, na jibu sahihi ni kuandika "hakina himaya katika mfumo huu". Kuvilazimisha viingie Monera kwa sababu tu ni vidogo ni kosa, na ni kosa lenye madhara nje ya darasa pia: mtu anayeamini kwamba virusi ni aina ya bakteria ndiye anayenunua antibaotiki kutibu mafua, ilhali dawa hizo hazivigusi virusi hata kidogo.

Swali la pili katika hatua hii husahaulika: je, unachokitazama ni kiumbe kimoja? Magamba ya kijivu au ya kijani yaliyoganda juu ya mawe na magome ya miti ni ushirika wa kuvu (fangasi) pamoja na mwani au bakteria wanaojitengenezea chakula. Matumbawe hai yamebeba ndani ya miili yao vijimwani vidogo sana, navyo ndivyo vinavyoyapa sehemu kubwa ya rangi yake. Ukikuta ushirika wa namna hii, andika kila mshirika kwenye mstari wake na umpitishe katika hatua zote peke yake.

Hatua ya 3: Tafuta kiini cha seli

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ningependa usipaharakishe. Viumbe vyote vyenye seli hugawanyika kwanza kwa swali hili: je, vinasaba vimefungwa ndani ya kiini chenye utando wake, au vimelala wazi ndani ya seli? Visivyo na kiini ni Monera, na safari yao inaishia hapo. Rangi yao, mwendo wao na namna wanavyopata chakula haviwezi kuwahamisha.

Anza na kitunguu, kwa sababu kiini chake kinaonekana vizuri na kitalizoesha jicho lako.

1. Kata kitunguu, toa gamba moja nene, kisha bandua kwa kibanio ngozi nyembamba iliyo upande wa ndani wa gamba hilo.
2. Itandaze kwenye slaidi yenye tone la maji, uhakikishe haijikunji.
3. Weka tone la iodini. Shusha kioo cha kufunikia taratibu kuanzia upande mmoja, kama unavyofunga kitabu, ili hewa itoke.
4. Anza na ukuzaji mdogo kabisa, tafuta sehemu iliyotandazika vizuri, ndipo upande hadi mara 400.

Utaona seli ndefu zilizopangana kama matofali. Ndani ya kila seli kuna doa la duara lenye rangi ya kahawia au manjano, mara nyingi likiwa limesogea ukutani. Hicho ndicho kiini. Ukiona duara kamili lenye ukingo mweusi mnene na katikati peupe kabisa, hicho ni kiputo cha hewa. Sogeza slaidi upande mwingine.

Sasa chukua mtindi. Gusa kwa ncha ya kijiti, changanya na tone la maji juu ya slaidi, ongeza methilini buluu kidogo na ufunike. Kwa ukuzaji wa mara 400 utaona nukta ndogo sana zilizoshikana kama shanga na vijiti vifupi vilivyotawanyika. Hao ni bakteria wanaogandisha maziwa. Matone ya mafuta ya maziwa yamo pia, lakini hayo ni laini, ya duara, na yanatofautiana sana kwa ukubwa.

Lazima niseme wazi kwamba hadubini ya shule haiwezi kukuonyesha moja kwa moja kwamba ndani ya bakteria hakuna kiini. Seli yenyewe ni ndogo mno. Unachotumia ni ukubwa. Bakteria wengi wana urefu wa mikromita 1 hadi 5 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati seli za mimea na wanyama kwa kawaida ni za mikromita 10 hadi 100. Seli nzima ya bakteria ni ndogo kuliko kiini cha seli ya kitunguu, na ukiziweka slaidi mbili hizo moja baada ya nyingine tofauti hiyo utaiona wewe mwenyewe.

Tahadhari mbili. Duara jeupe linaloonekana ndani ya seli ya hamira mara nyingi ni mfuko wa majimaji, si kiini. Hamira inacho kiini, lakini kwa rangi hizi ni vigumu kukiona, hivyo tumia ukubwa wa seli na namna inavyochipua. Pili, usitumie damu ya binadamu kuamua, kwa sababu seli nyekundu za damu zilizokomaa hupoteza kiini chake. Himaya hupewa kiumbe kizima, haipewi seli moja iliyookotwa mwilini.

Dalili ya mafanikio: una michoro miwili kwa kipimo kimoja cha ukuzaji, mmoja wa kitunguu na mmoja wa mtindi, na unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mmoja ni Monera na mwingine si Monera.

Hatua ya 4: Hesabu seli

Kiumbe chenye kiini na seli moja tu, karibu mara zote, ni Protista. Tone la maji ya bwawa litakupa mifano ya kutosha: paramesi anayeogelea kwa vinyweleo, amiba anayetambaa kwa kubadili umbo, na yuglena wa kijani mwenye mkia kama mjeledi. Vimelea vya malaria vya jenasi ya Plasmodium wamo humu, na vilevile Trypanosoma wa malale anayesambazwa na mbung'o.

Hamira ndiyo inayovunja kanuni hii. Ina seli moja moja, lakini ni kuvu, kwa ushahidi wa ukuta wake na namna inavyokula. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari hadi itoe povu, weka tone kwenye slaidi, na utaona seli za mviringo ambazo baadhi yake zina kichipukizi kidogo ubavuni. Kwa hiyo, ukikuta seli moja isiyotembea na yenye ukuta, usiandike Protista kabla ya kumaliza hatua ya 5 na ya 6.

Hatua ya 5: Chunguza ukuta wa seli

Wanyama hawana ukuta wa seli. Mimea ina ukuta wa selulosi. Kuvu zina ukuta wa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye magamba ya wadudu na kaa. Protista wametofautiana: wengine wanao, wengine hawana.

Ukuta wenyewe unaonekana kama mstari thabiti unaoipa seli pembe na umbo lisilobadilika. Seli ya mnyama ina ukingo mwembamba na umbo lisilo na mpangilio. Aina ya kemikali ya ukuta huwezi kuitambua kwa vifaa hivi, nayo utaichukua kwenye kitabu.

Hatua ya 6: Uliza kinavyopata chakula

Kuna njia tatu. Mimea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, yaani kwa kutumia mwanga wa jua. Wanyama humeza chakula na kukisaga ndani ya miili yao. Kuvu humwaga vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) nje, juu ya chakula, kisha hunyonya kilichokwisha kusagwa. Mkate ulioota ukungu unaionyesha njia ya tatu vizuri sana: kwa lenzi utaona nyuzi nyembamba zimeutambaa mkate, na mahali zilipokaa muda mrefu mkate umelegea na kubonyea.

Jaribio la jani linathibitisha usanisinuru. Chukua jani lililokaa juani kwa saa kadhaa, litie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha uzime moto kabisa. Litie jani kwenye chombo chenye spiriti, na chombo hicho kisimamishwe ndani ya maji ya moto hadi rangi ya kijani itoke. Spiriti hushika moto haraka, kwa hiyo usiiweke jikoni wala karibu na mshumaa. Lisuuze jani, kisha lidondoshee iodini. Likigeuka bluu iliyokolea kuelekea weusi, lina wanga lililojitengenezea. Fanya vivyo hivyo kwa kipande cha uyoga mamama: utabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, kwa sababu kuvu huhifadhi chakula kama glaikojeni, akiba iliyo tofauti na wanga wa mimea, kama wanyama wafanyavyo.

Ufanano huo una maana. Ulinganisho wa vinasaba umeonyesha kwamba kuvu zina undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Ni sababu mojawapo inayofanya dawa za fangasi ziwe ngumu kutengeneza: kinachoua seli ya kuvu kinaweza kuidhuru kwa urahisi seli ya mgonjwa, tofauti na bakteria, ambao wako mbali nasi.

Kukosa rangi ya kijani hakumtoi mmea kwenye himaya yake. Ipo mimea ya manjano inayotambaa kama nyuzi juu ya ua na kunyonya utomvu wa wenzake. Bado inatoa maua na mbegu, na bado ni mimea.

Hatua ya 7: Lipime jibu lako kwa viumbe vigumu

Usijione umemaliza kabla ya kuvipitisha viumbe vifuatavyo katika hatua zote. Hivi ndivyo vinavyoonyesha kama umefuata ushahidi au mwonekano.

*Nyasi bahari na mwani.* Kwenye fukwe za mashariki mwa Unguja, kama vile Paje na Jambiani, viwili hivi vinapatikana maji yakupwapo, wakati mwingine hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Ng'oa unyasi mmoja wa bahari: una mizizi ya kweli iliyoshika mchanga, shina linalotambaa chini, na majani yenye mishipa ya kupitishia maji na chakula, tena hutoa maua chini ya maji. Ni mmea kamili, sawa na mimea ya nchi kavu. Sasa shika mwani unaolimwa kwenye kamba. Hauna mizizi, hauna mishipa, hauna ua, na ukiukata popote unakuta ndani yake nyama ya namna moja. Hufyonza virutubisho kwa mwili wake wote, ndiyo maana mkulima anaweza kuufunga kipande kidogo kwenye kamba na kikakua.

Kwa ushahidi huo vitabu vingi vya shule huuweka mwani katika Protista. Ujue, hata hivyo, kwamba Robert Whittaker, aliyeupendekeza mfumo wa himaya tano mwaka 1969, aliuacha mwani mkubwa upande wa Mimea. Ukikutana na kitabu kinachosema hivyo, hakijakosea; kimefuata mpaka wa zamani. Kwa maoni yangu, Protista imekuwa kapu la masalia, la kila chenye kiini ambacho hakikutosha kwingine, na mwani ndio unaolionyesha tatizo hilo waziwazi. Fuata kitabu cha mtaala wako, na uandike sababu.

*Maji ya kijani ya maziwa ya magadi.* Katika maziwa ya Natron, Nakuru na Bogoria, heroe wadogo hula viumbe vidogo vilivyojikunja kama springi, vya jenasi ya Arthrospira, vinavyouzwa pia kama chakula kwa jina la spirulina. Ni vya kijani na vinafanya usanisinuru, na kwa sababu hiyo karibu kila anayeanza huandika "mmea". Rudi hatua ya 3: havina kiini. Ni Monera, na usanisinuru wao hauna nafasi ya kubadilisha hilo.

*Matumbawe.* Mfupa mgumu wa chokaa umejengwa na wanyama wadogo wenye minyiri inayokamata vijidudu vya baharini na kuvipeleka mdomoni. Seli zao hazina ukuta. Ni wanyama, ingawa wakishajishikiza hukaa mahali pamoja.

*Yuglena.* Ni wa kijani, huogelea, na hana ukuta wa seli. Ana kiini na seli moja: Protista.

Dalili ya mafanikio: unaweza kutaja, kwa kila kiumbe, ni hatua ipi iliyoamua jibu.

Hatua ya 8: Andika rekodi yenye ushahidi

Jina la himaya likisimama peke yake halimsaidii msahihishaji wala wewe mwenyewe ukirudi baada ya mwezi. Andika kwa mpangilio huu:

"Kiumbe: uyoga mamama. Seli: zipo. Kiini: kipo (kitabu). Idadi ya seli: nyingi, zimeungana kuwa nyuzi. Ukuta: upo, wa kitini (kitabu). Chakula: hunyonya kutoka kwenye mabua yaliyooza, jaribio la iodini halikuonyesha wanga. Himaya: Kuvu. Hatua iliyoamua: ya 6."

Neno "kitabu" liwekwe kila mahali ambapo hukuona kwa macho yako. Ni desturi ndogo, lakini bila hiyo mwanafunzi husahau upesi ni lipi alilothibitisha na ni lipi aliloambiwa, kisha akabishana kwa nguvu juu ya jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Rekodi ikikamilika, funika mstari wa himaya na umpe mwenzako asome mistari mingine. Akifika kwenye jibu lako kwa ushahidi ulioandika tu, rekodi hiyo iko tayari kukabidhiwa. Akisita kwenye mstari fulani, rudi kwenye hatua ya mstari huo kwa sampuli mpya na slaidi safi.